Jirani Aliyecheka Mno

Sikumpenda yule mzee tangu asubuhi ya kwanza, na hata sasa, nilipofikia umri aliokuwa nao yeye wakati ule, siwezi kusema nampenda. Ninaandika haya kwa sababu mke wangu ameniambia kwamba kama nina nguvu za kukaa barazani kutwa nikigombana na redio, basi nina nguvu za kuandika nilichomfanyia. Yeye ndiye aliyeninunulia daftari. Amesoma mistari hii ya mwanzo na kusema, "Endelea. Usijipendelee."

Nilikuwa bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo, visima, mabucha na migahawa, na kuwafokea watu. Kufoka hakukuandikwa kwenye barua ya ajira, lakini ndiyo sehemu ya kazi niliyoiweza zaidi. Nilihamishiwa Kigoma kutoka Singida nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, na uhamisho ule niliuchukia tangu siku barua ilipofika mezani. Watoto wetu walikuwa watu wazima wenye maisha yao, kwa hiyo tulipanda treni wawili tu, mimi na mke wangu, tukashuka mwisho wa reli na kupanga nyumba Katubuka. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Pale kila ukiinua macho unakutana na ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo imekaa safu nzima kama watu wanaokusengenya.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalikuja yamejaa, mengine kutoka Burundi, mengine kutoka Kongo, na watu walilala ufukweni Kibirizi wakiwa na nguo walizovaa na chochote walichowahi kushika mkononi. Kipindupindu kikaingia. Kwa wiki nyingi nilitoka nyumbani na bomba la dawa mgongoni, gunia la chokaa likiwa kwenye gari, nikarudi na harufu ya klorini isiyotoka hata kwa sabuni. Niliona mambo ambayo sitayaandika. Nilichokuja nacho nyumbani kilikuwa hasira, na hasira ile ilikuwa na watu wengi wa kuangukia: wakubwa wangu waliochelewesha dawa, wenyeji waliokataa kuchemsha maji, wakimbizi wenyewe kwa kuja, na mke wangu kwa kuniuliza siku yangu ilikwendaje.

Daktari alinipima presha, akarudia kupima, akanivua ule mpira mkononi taratibu.

"Mzee, punguza chumvi. Tembea asubuhi. Na hizo hasira ziache."

Nikamwambia chumvi nitapunguza.

Jirani yetu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akikaanga migebuka, samaki wa ziwa lile, na kuiuza mbele ya nyumba yake. Alizaliwa Ujiji, lakini wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, kabla hata mpaka haujawa jambo la kuulizwaulizwa. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na ukuta wa matofali ya udongo uliofika kifuani. Siku moja mvua ikinyesha alimleta mjomba wake nyumbani, mzee aliyepita miaka sabini na mitano, mwembamba, mrefu, aliyebakiwa na meno mawili ya mbele. Alikuwa amevuka ziwa na mfuko mmoja wa nguo na mfuniko wa sufuria. Sufuria ilikuwa imebaki ng'ambo. Mkewe naye alikuwa amebaki ng'ambo, kaburini, na nyumba yake ilikuwa imechomwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ninapiga mswaki uani niliposikia kicheko. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikavunjika kuwa kikohozi, kikaanza tena. Nilichungulia. Mzee amekaa juu ya tofali, anamtazama jogoo.

"Habari za asubuhi," nikasema, kavu. Nilijua ni mkubwa kwangu na nilijua anastahili shikamoo. Sikumpa.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti kubwa, kana kwamba nimempa.

Nilidhani hakusikia vizuri. Siku ya pili nikamwambia tena, "Habari za asubuhi," kwa kutamka kila neno. "Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie." Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne nilipita bila kusema chochote, na bado nyuma yangu nikasikia, "Marahaba!" na mpwa wake akiziba mdomo kwa kanga.

Baada ya wiki mbili alikuwa amenipa jina. Aliniita Bwana Chokaa, kwa sababu ya unga mweupe uliokaa kwenye viatu na nyusi zangu. Jina likaruka ukuta. Fundi cherehani wa kona akalichukua, mama wa mandazi akalichukua, na siku moja dereva wetu wa ofisini akaniita hivyo kwa bahati mbaya mbele ya mkubwa wangu.

Nikamfuata ukutani. Siku hiyo tulikuwa tumezika watu Kibirizi, na nilikuwa sijanawa.

"Mzee," nikamwambia, "watu wanakufa pale ufukweni. Watu wa kwenu. Wewe unacheka nini?"

"Nacheka ile jogoo," akasema. "Inapanda juu ya ndoo, inataka kuwika, inaanguka. Kila siku. Haijifunzi."

"Huoni aibu?"

Akanigeukia. Mara ya kwanza nilimwona uso bila kicheko, na ulikuwa uso mwingine, mkali, wenye macho mekundu.

"Wafu wangu niliwalilia ng'ambo," akasema. "Nililia mpaka ile maji ikaisha. Unataka nirudie hapa ukutani ndiyo wewe ulale muzuri?"

Nikaenda kunawa, na mtu aliyenishinda kwa maneno nilikuwa simsahau.

Jambo lililoniudhi zaidi lilikuwa mke wangu. Tangu tufike Kigoma alikuwa mtu wa ndani. Miguu yake ilivimba, Kiha, lugha ya wenyeji, hakukijua, na mimi nilikuwa nimemzoesha kwamba mazungumzo yetu ni taarifa ya mambo yaliyoharibika. Sasa nikawa nikirudi mchana namkuta amesimama ukutani, bakuli la mchele mkononi, anacheka hadi mchele unamwagika. Nikikaribia ananyamaza. Siku moja sikukaribia. Nilisimama nyuma ya choo nikatazama. Mzee alikuwa anaiga mwendo wangu. Alibeba ndoo tupu mgongoni kama bomba la dawa, akakunja uso, akanyoosha kidole kuelekea kuku mmoja na kumfokea kwamba choo chake hakina mfuniko. Aliniiga vizuri. Hata lile bega langu moja linaloshuka alilishusha.

Kisha wakaanza kutembea. Kila alfajiri jirani yetu alikwenda Kibirizi kuchukua samaki, na mjomba wake akamfuata, na mke wangu akawafuata wote wawili. Walishuka ile barabara ya vumbi jekundu taratibu, wakapanda tena na samaki kwenye beseni. Mwezi haukuisha, miguu ya mke wangu ikapungua. Akaanza kulala vizuri. Akaanza kupika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese kama wanavyopika watu wa ng'ambo, na akanitengea bila kuniomba radhi. Mimi, ambaye nilikuwa nikiwahubiria watu wa mkoa mzima habari ya kutembea, sikuwahi kumwambia mke wangu twende tukatembee. Hilo nililiona wakati ule ule. Sikulipenda, na badala ya kujichukia mwenyewe nilimchukia mzee.

Nikija kwenye siku yenyewe, ilikuwa asubuhi katika zahanati moja ya Ujiji. Nilitumwa kuzungumza na wazee kuhusu afya ya uzeeni. Walikuja wengi, wanaume kwa kofia zao na akina bibi kwa kanga mbili mbili, wakakaa kwenye mabenchi chini ya paa la bati. Nilikuwa na kijitabu cha ofisini. Nikawasomea: maji yachemshwe, mboga zisikosekane, chumvi kidogo, usingizi wa kutosha. Mwishoni kulikuwa na mstari unaosema mzee ajitahidi kuwa na furaha na kucheka kila siku, kwani hupunguza maradhi ya moyo. Niliusoma kwa sauti ile ile niliyotumia kusoma habari za minyoo.

Kwenye benchi la tatu mkono ukainuka. Nilimtambua kwa urefu wa mkono kabla sijauona uso. Alikuwa amekuja kupimwa macho.

"Bwana Afya, ile ya mwisho, ya kucheka. Inatumiwa mbele ya kula ama nyuma ya kula?"

Wazee wakaanza kutikisika.

"Na ni vijiko ngapi?"

"Mzee, tafadhali," nikasema. "Hapa ni mahali pa elimu."

"Ndiyo, nataka elimu." Akasimama ili wote wamwone. "Mimi ni jirani ya huyu mutu. Tangu nimefika, ile dawa kwake hajaigusa hata tone. Nilidhani imekwisha nchini."

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Bibi mmoja aliteleza kwenye benchi akashikiliwa na wenzake. Muuguzi aliyekuwa ananisaidia aligeukia ukuta, mabega yanacheza. Mimi nilisimama pale na kijitabu mkononi, na nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikafoka. Nikawaambia wazee wa watu kwamba ndiyo maana wanakufa kwa uchafu. Kicheko kikakatika. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuniaga, na wa mwisho kutoka alikuwa mzee mwenyewe. Alipita mbele yangu akitikisa kichwa, na nadhani alitaka kusema neno la kupatanisha, maana alinigusa kiwiko. Niliuondoa mkono wake.

Nilirudi ofisini nikachukua karatasi mbili na kaboni katikati. Wakati ule mkimbizi hakuruhusiwa kuishi nje ya kambi bila kibali, na kila mtu Katubuka alijua kwamba mzee hana. Wengi walikuwa na mjomba, shangazi au mkwe aliyeingia hivyo hivyo, wakakaa kimya. Ningeweza kuandika hilo tu, nalo lingekuwa kweli. Lakini nilitaka barua isiwekwe kando. Nikaandika kwamba kwa utaalamu wangu, mgeni huyo ametoka sehemu yenye kipindupindu, anaharisha, anatumia choo cha pamoja na wapangaji, na ni hatari kwa afya ya umma. Hakuwa anaharisha. Alikuwa na tumbo zuri kuliko langu. Nilitia saini, nikapiga muhuri wa ofisi, nikaipeleka kwa mkono wangu.

Walikuja baada ya siku mbili, asubuhi, na gari lenye turubai. Maofisa wawili, wenye heshima zao, walibisha hodi kwa jirani na kueleza. Jirani alilia, akasema huyu ni mjomba wake wa damu, akasema mjomba huyu alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Wao wakasema wanaelewa, mama, lakini sheria ni sheria. Mzee alikuwa ananyoa ndevu. Alimaliza kunyoa upande uliobaki, akajifuta, akavaa koti. Kisha akaja ukutani. Mimi nilikuwa uani, nimejifanya natengeneza mpira wa baiskeli.

"Shikamoo, Bwana Afya," akasema.

Sikuitikia. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi, halafu akaenda kupanda gari. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akiangalia, hajui bado, akanipungia mkono nitoke nimuage mzee. Nikamwambia mpira una upepo mdogo.

Alikuja kujua baada ya wiki tatu. Alikuwa anafua suruali zangu za kazi, akakuta ile kaboni imekunjwa kwenye mfuko wa nyuma. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliinyoosha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na maneno yangu yakaonekana meupe juu ya weusi. Nilimkuta amesimama hivyo hivyo, mikono ina povu.

"Anaharisha?" akaniuliza.

Nikaanza kusema juu ya sheria.

"Nimekuuliza, anaharisha?"

"Hapana."

Aliikunja, akaiweka juu ya kabati, akaendelea kufua. Jioni alihamishia mkeka wake chumba cha pili. Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa jirani akamwambia, bila kunificha na bila kujificha. Kilichofuata nilisikia maji. Jirani alikuwa amechukua beseni la maji aliyooshea samaki na kuyamwaga mlangoni kwetu, magamba na matumbo yote. Mke wangu alinipa fagio.

Kuanzia hapo Katubuka ilinigeuzia mgongo. Hakuna aliyenitukana. Fundi cherehani aliinamia mashine nilipopita. Kwa mama wa mandazi yalikuwa yamekwisha kila nilipofika, hata yakiwa yanaonekana. Nyumbani chakula kilifunikwa mezani na mke wangu hakuwepo. Akinijibu alinijibu kwa neno moja. Aliacha kwenda Kibirizi alfajiri, kwa aibu ya kutembea na jirani, na miguu ikaanza kuvimba tena. Nilipomwambia atembee kwa afya yake alinijibu, "Niandikie barua."

Nilijiambia kwamba nina haki. Nilijiambia hivyo kila siku, na mtu anayejiambia jambo lile lile kila siku ni mtu asiyepata usingizi.

Kilichofuata kilinipata kijijini Simbo. Nilikuwa nakagua kisima, ninamfokea mwenyekiti wa kamati ya maji kwa sababu ya ng'ombe walionyweshwa karibu, na katikati ya neno ulimi ukawa mzito. Kalamu ilianguka. Nikainama kuiokota, mkono haukuja. Niliona uso wa yule mwenyekiti ukibadilika, na yeye, niliyekuwa namfokea, ndiye aliyenidaka nisitumbukie.

Nilipooza upande wa kushoto. Mdomo ulivutika chini na mate yalitoka bila ruhusa. Hospitalini nililala wiki kadhaa, na mke wangu akaniuguza. Sitasema aliniuguza kwa upole. Alinisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na alinilisha uji kama anayejaza mfuko. "Meza," ndilo neno aliloniambia. Hakukosa hata siku moja. Jirani alimletea mchuzi wa samaki kwenye bakuli lenye kifuniko, akasimama mlangoni mwa wodi bila kuingia, akasema kwa sauti ili nisikie, "Hii ni ya mama." Mke wangu aligawa nusu kwa nusu akanilisha nusu yangu. Nilikula nikitokwa na machozi, na kwa kuwa jicho la kushoto lilikuwa linatokwa machozi lenyewe, hakuna aliyejua.

Nilipoanza kutembea kwa fimbo, mke wangu akasema, "Jumamosi tunakwenda kambini." Hakuniuliza.

Kambi ilikuwa mbali, upande wa Kasulu. Tulifika mchana tukiwa na vumbi hadi kwenye meno, tukaelekezwa kutoka mstari mmoja wa mahema hadi mwingine. Tulimkuta amekaa juu ya dumu tupu mbele ya hema lake. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kimehamia kifuani kabisa. Alimwona mke wangu kwanza, akanyanyuka. Kisha akaniona mimi, akakaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Maneno yalitoka yamepinda, kwa sababu ya mdomo.

Alikohoa pembeni kwanza.

"Kumbe ulikuwa nayo siku zote?" akasema.

Nikasema nilichokuwa nimekariri njia nzima. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika.

"Najua. Walinisomea pale ofisini. Uliandika mimi ni hatari kwa afya." Akanitazama mdomo, bega, fimbo, mguu unaoburuta, akarudi tena mdomoni. "Na wewe? Nani alikuandikia?"

Mke wangu alicheka. Hakutaka kucheka, nilimwona anajizuia, akashindwa, akaketi chini kwenye vumbi akicheka na kulia pamoja. Mimi nikageuka niondoke. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuomba radhi na nimedhihakiwa mbele ya watu nisiowajua.

"Kaa," mzee akasema nyuma yangu. "Musamaha sina. Kiti kipo."

Akasukuma lile dumu kwa mguu. Nikakaa, kwa sababu mguu wangu ulikuwa unatetemeka na sikuwa na mahali pengine. Yeye na mke wangu wakazungumza. Walizungumza habari za mpwa wake, za samaki, za nani ameoa nani kule mtaani. Mimi nilikaa kama mzigo uliosahauliwa na mwenye safari. Mara moja tu alinigeukia. Nilimuuliza kama anacheka bado, na niliuliza kwa dhati.

"Hapa ni vigumu," akasema. "Mahema yamebanana. Ukicheka, jirani anafikiri umepata blanketi la pili, anakuja kuangalia."

Kisha akakohoa kwa muda mrefu, na mke wangu akampigapiga mgongo, na hakuna aliyecheka.

Niliporudi nikaandika barua ya pili. Nilieleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo, kwamba mzee hana ugonjwa wowote wa kuambukiza na ana ndugu wa kumtunza. Nilikwenda nayo ofisi tatu kwa fimbo. Wa kwanza alisema niwaone wa pili, wa pili alisema mkubwa amesafiri, wa tatu aliniangalia kwa huruma akasema, "Mzee, barua yako ya kwanza ilikuwa nzuri sana." Mkubwa wangu wa kazi alisikia, akaniita, na nikastaafu mapema kuliko nilivyopanga. Mzee hakurudi Katubuka. Barua ya uongo ilifanya kazi ndani ya siku mbili; ya kweli haijajibiwa hadi leo.

Tuliendelea kwenda kambini. Mke wangu alikwenda kila alipopata usafiri, na jirani akaanza kwenda naye, wakapatana njiani. Mimi nilikwenda nyakati fulani. Kila mara nilimwamkia vizuri, na kila mara aliitikia vizuri, na kila mara alinitafutia dhihaka mpya. Siku moja aliniambia mdomo wangu sasa umeanza kucheka upande mmoja na upande wa pili utafuata ukiona faida. Siku nyingine hakunisemesha kabisa. Sikuwa nimezoea kuchukiwa na mtu na bado nikaribishwe kukaa. Nilikuwa najua njia moja tu ya kumchukia mtu, ya kumwondoa mbele ya macho yako. Yeye alinichukia huku ananisogezea dumu.

Kisha kukawa na utulivu ng'ambo, na watu wakaanza kurudishwa kwa meli. Akajiandikisha. Siku ya kuondoka tulikwenda bandarini, mke wangu, jirani na mimi. Hawakuturuhusu kuingia, tukasimama nje ya uzio wa waya pamoja na watu wengine wengi. Mistari ilikuwa mirefu, mabegi, magodoro, watoto, kuku kwenye vikapu. Tulimwona kwa urefu wake. Akatoka kwenye mstari, akaja kwenye waya.

Alimshika mpwa wake vidole kupitia matundu. Walisema yao kwa lugha ya kwao. Kisha akamwita mke wangu asogee, akamnong'oneza kitu sikioni. Mke wangu alicheka mpaka akashika waya kwa mikono yote miwili. Nimemuuliza mara nyingi alichoambiwa. Jibu lake ni kwamba hakikuwa cha kwangu.

Kwangu alisema neno moja.

"Tembea."

Sijui kama alinifukuza au alinishauri. Uso wake haukunisaidia. Kipaza sauti kikaita, akarudi kwenye mstari, na koti lake likapotea katikati ya mizigo ya watu.

Mwaka mmoja baadaye wafanyabiashara waliovuka walimletea jirani habari. Mjomba wake alifika salama, kifua kikapona, akajenga chumba kimoja na kuoa mjane aliyeishi karibu naye. Mke wangu alipiga vigelegele jikoni peke yake. Mimi nilikasirika kutwa nzima bila kujua nimekasirikia nini. Nilikuwa nimebeba maradhi yake kifuani mwangu miaka yote, nikiamini kwamba nimemuua polepole, na yeye alikuwa bwana harusi. Jioni nilimwambia mke wangu hivyo. Akaniambia hilo ndilo jambo la kwanza la kweli nililosema tangu tuhamie Kigoma, akarudisha mkeka wake chumbani kwetu.

Habari nyingine hazikuja. Nadhani amekwisha kufa sasa, kwa hesabu ya miaka, lakini sina hakika na sitaki kuandika nisichokijua. Nimeshafanya hivyo mara moja. Singida hatukurudi. Tulinunua kiwanja hapa hapa Katubuka na tumezeekea hapa. Presha yangu iko sawa kwa umri huu. Asubuhi ninashuka hadi Kibirizi na fimbo, mke wangu akiwa mbele kwa sababu ana haraka kuliko mimi, na samaki tunabeba kwa zamu. Jirani yetu naye bado yupo, ameacha kukaanga, macho yamepungua nguvu. Siku nyingine nikimwamkia ananiitikia, siku nyingine ananyamaza, na sijawahi kumuuliza ni kwa nini.